Kufuli tatu na kidole gumba kimoja

Wakubwa shikamooni. Vijana wenzangu, mambo? Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi ninyi mliosimama kule nyuma. Nimeona viti vimeisha tangu saa nane na nusu.

Nimepewa dakika arobaini nizungumzie jedwali. Najua, najua. Aliyenitangulia kazungumzia akili unde, atakayenifuata atazungumzia usalama wa mitandao, na mimi hapa katikati nimeletewa jedwali, kama mtu aliyealikwa harusini akakabidhiwa mbuzi ya kukunia nazi. Sawa, nipeni nikune. Wali mtaula baadaye.

Orodha ninayoisema kila mmoja wenu keshaijenga. Kuna ile ambayo ukibofya kichwa cha kolamu mistari inajipanga, ukibofya tena inajigeuza. Na kuna ile ambayo unaushika mstari kwa kidole, unauburuta hadi pale unapotaka ukae. Nilizijenga zote mbili mwaka 2019 ndani ya programu moja, na zote mbili zikaniumbua mbele ya watu wazima.

Programu ilikuwa ya kikoba. Wengi wenu humu mmelipiwa ada na kikoba cha mama, kwa hiyo sitaeleza sana. Wanachama 28, wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana, mwisho wa mzunguko wanagawana. Fedha zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake wanashika watu watatu tofauti, ili asitokee hata mmoja wa kulifungua peke yake. Shikeni hilo la kufuli tatu, nitalirudia. Hesabu zilikuwa kwenye kaunta buku lenye jalada gumu, kolamu zimechorwa kwa rula na kalamu nyekundu. Kazi niliyopewa ni kulihamishia lile kaunta buku kwenye simu.

Siku ya kuonyesha kazi tulikaa barazani kwa mwenyekiti. Mweka hazina, mama wa makamo ya mama yangu, akaniambia, "Haya mwanangu, nionyeshe anayedaiwa zaidi." Nikabofya "Deni" kwa mbwembwe. Juu kabisa akakaa mtu anayedaiwa 90,000. Chini yake wa 85,000. Chini yake wa 700,000. Yule wa 1,200,000, ambaye kila mtu pale barazani alikuwa anamjua na alikuwa amekaa nasi anakunywa chai, nikamkuta karibu na mkiani. Mama akavua miwani, akaniangalia mimi, hata si simu. "Hiki hakijui hesabu. Kirudishe shule."

Kilichotokea ni hiki. Madeni nilikuwa nimeyanakili kutoka lahajedwali, yale majedwali ya hesabu ya kompyuta, ambamo kijana mmoja wa pale aliandika kila kiasi kama tunavyoandika kwenye risiti, na koma zake na "/=" yake mwishoni. Kwa kompyuta hayo ni maandishi, na maandishi hulinganishwa kwa alama ya kwanza na ya kwanza, kama tunavyotafuta neno kwenye kamusi. 9 inakuja baada ya 1, basi, kesi imekwisha. Haisogei kuhesabu sifuri zilizofuata.

Nikaenda nyumbani, nikasafisha kila kitu kikawa namba tupu, nikarudi wiki iliyofuata. Nikaanguka tena, na safari hii sikuwa na lahajedwali la kulisingizia. Wenye kompyuta mezani fungueni kivinjari sasa hivi, iambieni JavaScript, lugha ya programu iliyomo ndani yake, iwapangie orodha ya 80, 9 na 700. Namba safi kabisa, hakuna koma. Usiipe maelekezo yoyote.

Naona wanaocheka kule. Imewapa 700, 80, 9, sivyo? Lugha hii imekuwa nasi tangu 1995, na usipoiambia namna ya kulinganisha inageuza kila kitu kuwa maandishi kwanza, kisha inapanga. Dawa yake ni kitendakazi, yaani kipande kidogo cha msimbo, cha mstari mmoja kinachotoa namba ya pili kwenye ya kwanza. Jibu likiwa hasi, ya kwanza inatangulia. Ni herufi chache tu, lakini zilinigharimu heshima kwenye baraza la watu.

Kuna jingine nitalipita haraka. Nilikuwa najaribu programu yangu kwa wanachama kumi wa kubuni, na kila kitu kilitulia: ukipanga kwa jina, halafu ukapanga kwa kundi, ndani ya kila kundi majina yanabaki yamepangika. Kwa wanachama 28 halisi, kwenye simu ya katibu ambayo haijawahi kusasishwa tangu itoke dukani, majina yakavurugika. Niliumiza kichwa siku mbili. Kumbe Chrome za kabla ya toleo la 70, lililotoka 2018, zilitumia njia moja kwa orodha isiyozidi vitu 10 na njia nyingine kwa orodha ndefu, na hiyo ya pili haikuheshimu mpangilio wa awali pale vitu vinapolingana. Tangu sanifu ya JavaScript ya 2019 vivinjari vyote vinatakiwa kuuheshimu. Lakini somo nililobaki nalo ni jingine: data ya majaribio ya watu kumi ni data ya kujidanganya.

Sasa majina. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu mafunzo mengi mtandaoni yameandikwa na watu ambao hawajawahi kuona orodha ya wanachama wa Kitanzania.

Mwenye jina "asha" lililoandikwa kwa herufi ndogo anakaa chini ya "Zuhura". Ndani ya kompyuta A kubwa ni 65, Z kubwa ni 90, na a ndogo inaanzia 97, kwa hiyo herufi kubwa zote hupita mlangoni kabla ndogo haijaruhusiwa hata moja. Hilo ni rahisi. Gumu ni kwamba nusu ya kikundi hawakuandikishwa kwa majina yao. Waliandikishwa Mama Asha, Mama Neema, Mama Juma, Bi Khadija, Bi Mwanahamisi, Mzee Salehe, Hajati fulani. Panga kwa jina uone: kijiji kizima kimehamia M. Mtu anayemtafuta Neema anapita akina mama kumi na watatu. Nilitenganisha heshima na jina, kila kimoja kwenye kisanduku chake, skrini ikaendelea kuonyesha "Mama Neema" lakini upangaji ukaangalia "Neema" peke yake. Msifute heshima ya mtu kwa kisingizio cha data safi. Kwenye kikao hakuna atakayemwita Neema kavu, isitoshe Neema ni binti yake.

Halafu kuna ndugu zetu Wasukuma. Jina linaloanza na Ng'w lina ile ng'ong'o katikati, kile kialama cha juu, na kila simu ina ng'ong'o yake. Nyingine inaweka mkato ulionyooka, ambao namba yake ni 39. Nyingine inaupinda kwa urembo, na huo namba yake ni 8217. Mwingine kachoka, kaandika Ngw bila chochote. Familia moja, baba na watoto wake wawili, niliwakuta wametawanyika sehemu tatu za orodha. Vivinjari vina chombo kinaitwa Intl.Collator, kimewekwa kwa kazi hii hii: unakitajia lugha, unakiambia kisijali herufi kubwa na ndogo, unakiambia kipuuze alama za uandishi, na familia inarudi pamoja. Kipo tayari, hakihitaji maktaba yoyote, hakili bando la mtu. Bado naona vijana wanaandika mistari mia mbili kukwepa kukisoma.

Tarehe nisiziguse sana. Mkizihifadhi kama 03/11/2019 zitapangwa kwa siku, na Novemba itachanganyika na Machi. Anzeni na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama sanifu ya ISO 8601 inavyosema. Kwenye skrini mwonyesheni mtu alivyozoea.

Nafasi tupu, hiyo ina kisa. Kulikuwa na wanachama wapya wanne ambao hawajawahi kukopa. Sikuwawekea sifuri, niliwaacha patupu. Nikabofya deni kubwa kwanza, wale wanne wakakaa juu kabisa, juu ya wadaiwa sugu wote! Mmoja wao alikuwepo. Mwulize mtu mzima anajisikiaje kuona jina lake la kwanza kwenye orodha ya madeni na hajala hata senti ya mtu. Hifadhidata ya PostgreSQL inaona patupu ni kubwa kuliko kila thamani, kwa hiyo ukianza na kubwa inatangulia. MySQL na SQLite zinaona patupu ni ndogo kuliko zote. Ukihama hifadhidata, orodha yako inageuka bila wewe kugusa msimbo. Uamuzi ni wenu, msiiachie hifadhidata: waliopungukiwa taarifa wakae mwisho daima, uanze na kubwa au na ndogo.

Kuhusu kurasa, nilikata orodha ya watu 28 kurasa mbili, 20 na 8, kwa sababu kiolezo nilichokipakua kilikuwa hivyo. Ukibofya kolamu, kinapangwa kile ulichonacho mbele ya macho tu, wale wanane wa ukurasa wa pili hawakuulizwa. Kwa hiyo "anayedaiwa zaidi" alikuwa anayedaiwa zaidi kati ya ishirini. Watu 28 hawahitaji kurasa. Hata mia tatu hawahitaji. Tuma wote mara moja, panga kwenye simu, hata mtandao ukikatika orodha inaendelea kucheza.

Michango ndiyo ilihitaji kurasa, maana iliongezeka kila wiki hadi ikawa maelfu ya mistari. Hiyo ikapangwa kwenye seva, kwa tarehe. Sasa fikirini: kwenye kikoba watu wote wanachangia siku moja. Mistari 28 ina tarehe ileile. Ukiiambia hifadhidata panga kwa tarehe, kati ya hao 28 haijaambiwa nani atangulie, na haikuahidi kwamba itawapanga sawa kila ukiiuliza. Ukurasa wa kwanza ukaonyesha mchango wa mtu, ukurasa wa pili ukamwonyesha tena yuleyule, na mwingine hakuonekana popote. Akaja ameshika stakabadhi. Nani mwizi hapo? Ongezeni kigezo cha pili kisichojirudia, namba ya muamala yenyewe, kila mara, hata mkidhani hakihitajiki.

Na mkishapeleka upangaji kwenye seva, jina la kolamu linalotoka kwenye anwani ya ukurasa msilibandike moja kwa moja kwenye ORDER BY, ile amri ya kuiambia hifadhidata ipange, mtu asije akachomeka amri yake humo. Zile alama za kushikia nafasi ya thamani ndani ya amri zinalinda thamani, hazilindi majina ya kolamu. Wekeni orodha ya kolamu mnazoziruhusu, kisichokuwemo kikataliwe. Atakayenifuata atawatisha vizuri zaidi kuhusu hilo.

Mshale. Mshale ukielekea juu unamaanisha nini? Naomba mikono. Wanaosema ndogo iko juu? Wanaosema kubwa iko juu? Mmeona wenyewe, na ninyi ni watu wa kompyuta. Mimi mishale nimeiacha. Kitufe changu kinaandika "Deni kubwa kwanza", ukikigusa kinaandika "Deni dogo kwanza". Kinakula nafasi, ndiyo, lakini hakuna aliyeniuliza tena. Na kiwe kitufe cha kweli ndani ya kichwa cha jedwali, pamoja na ile sifa ya aria-sort, ili asiyeona anayesomewa skrini na simu naye ajue orodha imepangwa kwa lipi.

Kuna kosa ambalo hakuna kitabu cha kompyuta kingenionya. Programu ikifunguliwa, orodha inaanza imepangwaje? Mimi niliweka deni kubwa kwanza, nikaona ndiyo taarifa muhimu kuliko zote. Simu ile inazungushwa kwenye kikao! Inapita mkono kwa mkono, kila mtu anatazama hisa zake. Kila inapofunguliwa, jina la kwanza ni la mama mmoja ambaye alikopa kwa ajili ya matibabu ya mumewe, na kikundi kizima kilikuwa kimekubaliana asisumbuliwe. Vikao viwili hakuja. Katibu ndiye aliyenivuta pembeni.

Nikabadilisha iwe kwa alfabeti, nikidhani nimemaliza. Wakalalamika kwamba hawajioni. Nikashangaa, alfabeti mbona inajulikana? Ndipo nikakaa nao na lile kaunta buku, nikaona wanavyolitumia. Kwenye daftari kila mtu ana namba yake tangu siku aliyojiunga. Mtu anasema "mimi ni kumi na nne" na katibu anafika kwenye mstari kabla hajamaliza sentensi. Mweka hazina alikuwa anaijua daftari kwa mahali: chini kidogo ya katikati, ukurasa wa kulia. Nilikuwa nimewavunjia ramani yao. Tangu hapo orodha inafunguka kwa namba ya daftari. Ukitaka kuipanga kwa deni unabofya, unaona, na ukifunga programu inarudi kwenye namba. Viongozi wanaoona kolamu ya deni ni watatu.

Sasa nije kwenye kuburuta, ndipo penye aibu kubwa zaidi.

Kikundi kilikuwa na foleni ya mkopo. Fedha hazitoshi wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuna zamu, na zamu hupangwa kwenye kikao: huyu ana mwanafunzi anafungua shule, huyu anasubiri mvua apande, wanajadiliana, wanapatana. Foleni ile haina kanuni ya kompyuta, haipangwi kwa jina wala kwa tarehe. Ni makubaliano. Kwa hiyo nikatengeneza orodha ya kuburuta, nzuri, mstari unainuka kidogo ukiushika, kivuli chini yake, wengine wanapisha. Niliipenda mwenyewe.

Kwenye kompyuta yangu nilitumia kipanya. Katibu alitumia kidole gumba, amesimama kwenye daladala. Alikuwa anasogeza ukurasa juu aone mwisho wa foleni, na kidole kikamshika aliyekuwa wa tatu, kikamwacha wa kumi na moja. Programu ikahifadhi papo hapo, kimya kimya, maana nilijivunia kwamba haihitaji kitufe cha kuhifadhi. Siku ya mkopo yule wa tatu akaja na mtoto wake tayari amevaa sare mpya. Akaambiwa zamu yake ni mwezi wa tano mbele.

Hakuna aliyejua nani kahamisha, lini, wala kutoka wapi. Nilihifadhi mpangilio wa sasa tu, wa jana niliufuta. Mwenyekiti alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Sanduku letu lina kufuli tatu. Hii yako ina ngapi?"

Matukio ya kuburuta yaliyomo kwenye vivinjari asili yake ni Internet Explorer 5 ya 1999, enzi ambayo kila mtu alikuwa na kipanya na mezani pa kukiweka. Kwenye simu za kupangusa, kusogeza ukurasa na kuburuta mstari ni mwendo mmoja wa kidole, na programu inabidi ibahatishe nia ya mtu. Nilichofanya ni kuweka mshikio pembeni ya mstari, vile vistari vitatu, na huko kwingine ukigusa ukurasa unasogea tu. Pembeni nikaweka vitufe viwili, Panda na Shuka. Mwongozo wa WCAG 2.2, wa kufanya tovuti zitumike hata na wenye ulemavu, uliotoka Oktoba 2023, ukaja kulisema rasmi: kinachofanyika kwa kuburuta kifanyike pia bila kuburuta, na sehemu ya kugusa isiwe chini ya pikseli 24 kwa 24. Ishirini na nne ni kidogo kwa vidole vya mkulima, mimi naweka mara mbili.

Kuhifadhi zamu kuna mtego wake. Ukiandika 1, 2, 3, kumtoa mtu nafasi ya 28 kumweka ya 2 kunabadilisha mistari 27. Watu wajanja huacha mapengo, 1000, 2000, 3000, anayeingia kati anapewa 1500. Ujanja huo mzuri kwa orodha ya maelfu, ingawa ukichomeka mahali palepale mara tisa, 1500, 1250, 1125 hadi 1001, ya kumi haina pa kukaa. Kwa watu 28? Andika upya foleni yote ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ikishindikana irudi yote kama ilivyokuwa. Nilipoteza wiki nikiiga ujanja wa kampuni zenye mamilioni ya watumiaji, kwa ajili ya watu wanaotosha kwenye mkeka.

Na kufuli. Sasa katibu akiburuta, foleni haibadiliki. Linaandikwa pendekezo: nani ahame, kutoka zamu ipi kwenda ipi, kwa sababu gani. Linatokea kwenye simu za watunza funguo wengine wawili, walewale wa sanduku, na wakikubali wote ndipo mstari unahama. Ikiwa foleni imebadilika tangu katibu aifungue, pendekezo linakataliwa, anaambiwa afungue upya. Na kila uhamisho unabaki kwenye kumbukumbu isiyofutika, unasomeka kama ukurasa wa daftari. Mwenzangu mmoja aliniambia nimeharibu raha ya kuburuta. Kweli nimeiharibu. Ule mstari unaoinuka na kivuli chake bado upo, lakini ukiuachia unabaki wa kijivu hadi wenye funguo waseme.

Haya, nimebakiwa na dakika kumi. Kwenye skrini hapo nimewawekea kikundi cha kubuni cha watu 31, wana ng'ong'o za kila aina, akina Mama kumi na wawili, na wawili hawana deni lolote lililoandikwa. Namba ya kuingilia iko chini kulia. Watunza funguo watakuwa wewe dada mwenye kitabu, kaka wa shati jeupe, na mzee wangu pale mbele, samahani mzee, simu yako inawaka? Wengine wote jaribuni kuruka foleni.